Tope la Shimo la Mkwe

Jumatatu, 2 Juni 1975

Vyungu sita nyuma ya darasa. Cha kwanza alama mbili. Cha pili mbili. Cha tatu moja na nusu. Vitatu vilivyobaki mshale wa mita ya umeme haukunyanyuka hata kidogo.

Nimeosha vijiti kama kila Jumatatu. Jivu, mchanga, maji ya kisima, mpaka vikang'aa. Ni vile vijiti vyeusi vya ndani ya betri zilizokufa, nimeviokota jalalani kwa miezi. Wiki ikipita vinashika utelezi, kama kamasi. Unanichefua. Chuoni tuliambiwa chombo kichafu hutoa jibu la uongo, nami neno hilo sikuliacha.

Kijiti kimoja nakizika kwenye tope, kingine kinakaa juu kwenye maji ya chumvi. Katikati waya. Vijidudu vya topeni vinakula uozo na kutoa umeme, nao unapita kwenye waya. Nililisoma hilo kwenye kijarida kimoja chuoni, kurasa mbili. Kurasa hizo mbili ndiyo elimu yangu yote. Kazi yangu ni kupata vijidudu vyenye nguvu zaidi ya hivi vizembe.

Wanafunzi wananiita Mwalimu Tope. Wanadhani sisikii.

Jumatano, 4 Juni

Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti, Ndugu Shomari, ametangaza kuwa Saba Saba tutapata mgeni mkubwa kutoka mkoani. Kila kijiji kitaonyesha kazi yake. Wenzetu wana mihogo na samaki wakavu. Sisi tutaonyesha umeme wa tope. Watu wakacheka, halafu wakageuka kunitazama.

Mwenyekiti akaniuliza mbele yao wote kama taa itawaka. Mkunga wa zahanati alikuwa amekaa mbele kabisa, yule anayezalisha kwa koroboi. Nikasema itawaka.

Sijui nani alinifungua mdomo.

Ijumaa, 6 Juni

Nimejaribu tope la mtoni. Alama moja. Tope la mikoko. Mbili. Juzi mtu aliyekuwa anatoka Ras Kisimani aliniletea la kule kwenye magofu, nikalitia chunguni mbio mbio. Moja. Kumbe tope la mji wa kale nalo limestaafu.

Globu ya tochi haitawashwa na alama mbili. Najua. Mwezi mmoja umebaki.

Jumanne, 10 Juni

Bamvua. Maji yametoka mbali sana, kama kila nusu mwezi. Wanawake walikuwa ufukweni tangu asubuhi wakifukua makumbi. Nimezaliwa kisiwa hiki na nimewaona wakifanya hivyo maisha yangu yote, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kutazama. Wanazika makumbi ya nazi kwenye mashimo, wanayafunika kwa mawe, yanaoza miezi na miezi, halafu wanayaponda wapate usumba wa kusukia kamba. Kila mwanamke na shimo lake. Shimo la mama yake mke wangu Rehema, mkwe wangu Bi Salama, lina jiwe jeupe juu. Lilikuwa la bibi yake. Tope lake ni jeusi tititi na linanuka mpaka machozi yanatoka.

Walipokwenda kula nimeteremka na debe. Nimejaza. Nimeondoka.

Nilipaswa kuomba. Lakini mkwe! Huyu mwanamke tangu nimuoe binti yake hatujakaa mkeka mmoja. Nikimwona njiani napisha, naamkia nimeinamisha macho, basi. Nitamwambiaje habari ya tope lililooza? Ningeweza kumtuma Rehema. Ukweli ni kwamba niliona haya kwamba mtu mwenye cheti anaomba elimu kwenye shimo la makumbi. Nimejidai kuwa ni heshima.

Jumatano, 11 Juni

Alama sita! Nimepima mara tatu. Sita. Nimepiga kelele peke yangu nyuma ya darasa kama mwendawazimu.

Alhamisi, 12 Juni

Saba.

Jumatatu, 16 Juni

Saba na nusu asubuhi. Nimeosha vijiti, nimevirudisha.

Jumanne, 17 Juni

Mbili.

Mbili! Tope lile lile, chungu kile kile. Labda joto. Labda chumvi imezidi. Nimemkaripia mtoto wa watu aliyepita karibu na vyungu, hana kosa lolote.

Jumatano, 25 Juni

Bamvua tena. Safari hii madebe mawili. Nimechimba mpaka chini, penye tope zito. Makumbi yalikuwa yamezuia, nikayasukuma pembeni. Mengine maji yamechukua. Niliyaona yakienda, nikashika njia.

Alhamisi, 26 Juni

Rehema amerudi kutoka kwa mama yake uso umemshuka. Shimo la mama limefukuliwa. Makumbi ya miezi mitano yamepotea na tope limekwanguliwa. Mama anamtuhumu Bi Mize, jirani yake wa shimo. Wametupiana maneno ufukweni mbele ya watu. Wanawake hawa wawili wamezika makumbi pamoja tangu wasichana, wamezalishana, wamezikiana. Sasa hawasemezani.

Nilikuwa nakula. Nikaendelea kula. Nikasema watu wabaya siku hizi. Mdomo wangu mwenyewe huo.

Jumamosi, 28 Juni

Alama sita kwa vyungu vitatu. Nimeviunga kwa mstari. Globu haikuwaka hata uwekundu. Lakini zipo siku tisa.

Jumamosi, 5 Julai

Mwenyekiti amepita kukagua. Akasema mgeni ni mtu wa usafi, anapenda vitu ving'ae. Nimeosha kila kitu. Vijiti nimevisugua mpaka vidole vimechubuka. Vyungu nimevipaka chokaa kwa nje. Vinapendeza kama vya bibi harusi.

Jumapili, 6 Julai

Moja. Moja. Moja. Vilivyobaki havina kitu.

Nimekaa chini pale nyuma ya darasa mpaka kivuli kikahama. Nilifikiria kujifanya mgonjwa. Nilifikiria kuvunja vyungu niseme mbuzi. Halafu nimekwenda nyumbani, nimefungua tochi yetu, nimetoa betri mbili. Nimezifunga kwa nailoni, nimezizika chini kabisa ya chungu cha kwanza, waya nikazipitisha topeni.

Globu imewaka mara moja. Nyeupe safi.

Astaghfirullah. Nimeandika nilichofanya. Angalau humu nisidanganye.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Imewaka.

Mgeni alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema huku ndiko kujitegemea. Kwamba wakubwa wa dunia wanachimba mafuta na mwalimu wa kisiwani anachota umeme kwa debe. Makofi. Mkunga alikuwa analia. Nilimwona akijifuta kwa ncha ya kanga.

Kisha mgeni akauliza, tope lenyewe la wapi? Watu mia wananitazama. Nikanyoosha kidole ufukweni, nikasema la shimo lile lenye jiwe jeupe. La Bi Salama.

Vichwa vya upande wa wanawake viligeuka. Bi Mize alikuwa amesimama mwisho kabisa, peke yake. Akamtazama mkwe wangu. Mkwe akanitazama mimi, machoni, kwa mara ya kwanza tangu ndoa. Halafu akapiga kigelegele. Kirefu. Wengine wakamfuata.

Alikipiga ili nisiaibike. Kwa ajili ya binti yake, labda. Nilitamani ardhi inimeze na vyungu vyangu.

Jumanne, 8 Julai

Rehema ameweka tochi mezani, imefunguliwa, tupu. Akaenda kuchota maji.

Jana amemwona mumewe akipigiwa makofi. Leo amejua ni kwa sababu gani. Bora angenitukana.

Jumatano, 9 Julai

Mwenyekiti amerudi kutoka Kilindoni, wilayani, na barua. Anatembea kama ameoa upya. Mashimo yote ya ufukweni yanakuwa mali ya mradi wa umeme wa kijiji. Marufuku kuzika makumbi. Wanawake wayatoe yaliyomo kabla ya bamvua ijayo. Uzio utajengwa Jumatano tarehe 23, maji yakitoka. Vyungu mia vya kuanzia, kwa zahanati. Msimamizi wa mradi ni mimi.

Nikamwambia tusiharakishe, Ndugu Mwenyekiti, jambo lenyewe bado changa. Akacheka. Akasema unyenyekevu ukizidi nao ni kiburi.

Kamba ndizo zinazowavisha watoto wa kijiji hiki. Kila mtu anajua. Hakuna mwanamke aliyeulizwa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepita njia ya pwani kwenda msikitini. Makumbi yamerundikwa pande zote mbili. Mabichi bado, hayajaoza, hayapondeki, ya kuchomea moto tu. Wanawake wanayatoa kimya kimya. Mwanamke mmoja akaniamkia kwa adabu, shikamoo mwalimu. Mkubwa kuliko dada yangu. Nimeitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuitambua.

Imamu amehutubia nini sikumbuki. Nilikuwa nahesabu siku. Kumi na mbili.

Betri nimezitoa chunguni. Nikazirudisha tena, Mwenyekiti asije akataka kuona. Mtu mzima nacheza na betri.

Jumapili, 13 Julai

Mkwe amekuja.

Hajawahi kuja kwangu bila shughuli. Alikaa kizingitini, ubavu kwangu, kanga imefunika nusu ya uso. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia. Rehema katikati. Akawa anasema na Rehema, lakini kila neno lilikuwa langu. Naliandika lote, nisilipoteze.

“Rehema, mwambie mumeo tope halioshwi. Nilimwona akisugua vijiti kwa jivu, nikadhani ni mchezo wa shule. Ule utelezi ndiyo wenye kazi. Shimo jipya halina kitu, makumbi yatakaa mwaka mzima. Ukitaka lifanye kazi unachota konzi moja kwenye shimo la zamani, unatia ndani. Langu alitia bibi. La Mize nilitia mimi. Mwambie.”

Akasimama. Kisha akasema:

“Na mwambie angeomba ningempa.”

Akaondoka. Hakunywa hata maji.

Miezi yote hii kila Jumatatu nimekuwa nikiwaua wale vijidudu kwa jivu na mchanga. Ndio waliokuwa umeme wenyewe. Na mtu aliyejua alikuwa hatua mia tatu kutoka mlangoni kwangu, nikaenda kumwibia badala ya kumuuliza.

Jumatatu, 14 Julai

Sikuosha.

Jumatano, 16 Julai

Alama tatu. Vijiti vinaanza kuteleza. Nilikaribia kuvifuta kwa mazoea, nikajishika mkono.

Jumamosi, 19 Julai

Chungu cha tatu kimefika sita. Nimekwangua utelezi wake kwa ukucha, nimeupaka kwenye kijiti cha chungu cha nne, kile kilichokuwa mfu.

Jumatatu, 21 Julai

Cha tatu alama tisa. Cha nne kimeamka, kimefika nane kwa siku mbili! Hakijawahi kuvuka moja. Nimekwangua cha nne, nimepaka cha tano. Kila mara nachukua kwa aliye hodari, nampa aliye dhaifu. Kama konzi la mkwe.

Ningekuwa na furaha leo. Nilistahili siku hii kuwa na furaha, na nimeiharibu mwenyewe kabla haijafika.

Globu haiwaki. Nimepiga hesabu: hata vyungu mia haitawaka, si kwa taa ya kuzalishia mtu. Umeme ni wa kweli, lakini ni mdogo sana, wa kusukuma mshale tu. Mkunga atabaki na koroboi lake.

Shetani ananiambia: sasa tope linafanya kazi, basi hukusema uongo, uliwahi tu. Anajua sana kusema huyu.

Jumanne, 22 Julai

Miti ya uzio imefika, imelazwa ufukweni. Mirefu, mizuri.

Nimemwambia Rehema. Yote, pamoja na makumbi yaliyochukuliwa na maji. Alikuwa anapeta mchele. Akaendelea kupeta. Akaniuliza nitamwambia nani mwingine. Nikasema sijui. Akasema basi hujaniambia kitu.

Mke wangu hapayuki. Anakata mahali panapouma.

Jumatano, 23 Julai

Maji yalitoka saa nne. Watu wote ufukweni. Wanaume na majembe, wanawake wamesimama nyuma ya mashimo yao matupu. Mwenyekiti ameniita niseme maneno mawili ya kuzindua.

Nilikuja na chungu cha kwanza, kile cha chokaa. Walidhani ni cha maonyesho. Wakaanza kupiga makofi.

Nikakipindua. Tope likaanguka, maji, kijiti, na lile furushi la nailoni. Nikalifungua kwa meno. Betri mbili zikaanguka mchangani. Nikasema, hizi ndizo zilizowasha taa Saba Saba. Nilizitoa kwenye tochi yangu. Tope lenyewe haliwezi kuwasha taa, wala mashimo yote haya hayawezi. Nikasema, tope nililiiba kwenye shimo la Bi Salama, mara mbili, Bi Mize hakuligusa. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilifika.

Kisha mtu mmoja kule nyuma akacheka, cheko moja fupi, na likafungua mengine. Wamecheka mpaka wengine wameshika magoti. Ningependa kusema sikujali. Nilijali. Mkojo ulikaribia kunitoka.

Mwenyekiti hakucheka. Aliokota betri, akazitia mfukoni mwa shati, akaondoka bila kunitazama. Atakayeandika barua mkoani ni yeye. Nimemvua nguo na yeye pia, naye hakuwa na kosa ila kuniamini.

Mkunga alipita karibu yangu. Alisimama kidogo, akalitazama tope lililomwagika mchangani. Akaenda zake. Huyu ndiye sitamsahau.

Uzio haukujengwa. Nani atajenga uzio kuzunguka betri za tochi?

Alhamisi, 24 Julai

Miti imebebwa kupelekwa kwenye boma la mbuzi la kijiji.

Wanafunzi wamenibadilishia jina. Mwalimu Betri. Nililipenda lile la zamani.

Jumatatu, 28 Julai

Mwalimu Mkuu ameniita. Barua yangu ya kukiri kosa imekwenda Kilindoni na yake imefuatana nayo. Nisubiri. Ninaweza kuhamishwa, ninaweza kuachishwa. Aliniuliza kwa nini, akaonekana anataka jibu kweli. Nikamwambia niliulizwa mbele ya watu wengi kama taa itawaka. Akatikisa kichwa. Si jibu, najua.

Bi Mize na mkwe wameonekana kisimani pamoja. Rehema ndiye aliyeniambia. Hayo tu ndiyo mazuri ya wiki nzima.

Jumamosi, 2 Agosti

Chungu cha tano, alama kumi na moja. Hakuna aliyeniuliza. Nimeandika tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Bamvua. Nimechukua ruhusa ya asubuhi. Nimejaza madebe matatu kutoka kwenye vyungu vyangu, tope lote, nimebakisha vijiti tu kwenye kopo la maji ya chumvi. Wiki tatu limeshinda likizidi nguvu. Nimelibeba kichwani kupita katikati ya kijiji, mchana kweupe, safari tatu, ya mwisho na lile kopo mkononi. Lilinitiririka shingoni. Watoto walinifuata wakiimba betri, betri. Nikawaacha waimbe.

Wanawake walikuwa wanazika upya. Nilimimina debe la kwanza na la pili kwenye shimo la jiwe jeupe. La tatu nikamuuliza Bi Mize kama analitaka. Akasema mimina, mwanangu, usisimame kama mlingoti.

Mkwe alikuwa amechuchumaa upande wa pili, mikono imezama mpaka viwiko, anapanga makumbi. Rehema hakuwepo. Hakukuwa na mtu wa kupitishia maneno.

Nikainama. Nikasema, shikamoo mama. Nikasema, naomba tope.

Akalaza kumbi moja, akalaza la pili, akalikandamiza. Nikadhani ndiyo jibu. Kisha akasema marahaba, mwenyewe, kwa sauti yake. Akaingiza mkono chini kabisa, akatoa konzi moja, akanipungia nisogeze kopo. Akalitia.

Akarudi kwenye makumbi yake. Nami nikarudi shuleni, nilikuwa na kipindi cha hesabu saa tano.

Jioni nimepima. Alama mbili. Ni changa bado. Vijiti sijavigusa.